Mate ya Mzee Mbaruku

Nchi yenyewe ilikuwa na jina. Likapelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho, na tangu hapo halijarudi. Ukiliulizia unaambiwa liko mezani kwa mkubwa, na mkubwa yuko safarini. Basi tuseme ni nchi tu, ina bendera, ina wimbo, ina mashimo barabarani, na wakubwa wake wanawapenda sana wananchi, hasa wakiwa mbali.

Ndani ya nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Damu na Vizazi Vijavyo. Vizazi vilivyopo havikuwa na wizara, ilionekana vimeshachelewa.

Mzee Mbaruku wa kata ya Tandavumbi hakuwa na habari na wizara hiyo. Yeye kazi yake ilikuwa kushika foleni. Pale Tandavumbi ni utovu wa adabu kumwacha jirani apigwe jua kwenye mstari ilhali kuna namna. Wengine huweka jiwe mahali pao, wengine ndoo, wengine kandambili ya mguu mmoja. Lakini jiwe lina kasoro: likiitwa jina haliitikii. Mbaruku aliitikia. Alisimamia watu foleni ya maji, ya mafuta ya taa, ya vitambulisho, hata foleni ya kuhojiwa kwa nini hawakuja kuhojiwa. Karani akiita, "Nunu binti Shomari!" Mbaruku anajibu, "Nipo!" kwa sauti nzito kama gunia la chumvi, na karani anatia alama yake. Makarani wa nchi ile hawakuajiriwa kutazama nyuso. Waliajiriwa kutazama fomu.

Kwa kazi hiyo alipewa sahani ya vitumbua, au ahsante, au ahadi ya ahsante. Alikuwa amesimama miaka thelathini na moja, na nyayo zake zilikuwa bapa kama mwiko.

Mkewe alikwisha tangulia mbele ya haki. Alibaki na binti mmoja, Saumu, wa miaka ishirini na miwili, fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Saumu alizaliwa na selimundu. Chembe zake za damu, badala ya kuwa za mviringo, hupinda kama mundu, zikanasa kwenye mishipa midogo, na siku hiyo mifupa humwuma mpaka analia bila sauti. Daktari alimweleza Mbaruku zamani: mtoto hupata nusu ya ugonjwa huo kwa baba na nusu kwa mama, na wazazi wenyewe wakawa buheri wa afya. Mbaruku hakulisahau neno hilo. Palikuwa na vidonge vya zahanati, kimoja kila siku, na Saumu akivimeza anashona, anaimba, anawasuta wateja wanaonenepa kati ya kipimo na kipimo. Asipovimeza, cherehani hunyamaza.

Ndipo mtambo ukaja.

Mtambo uliitwa Msemakweli, na siku ya kuuzindua aliuzungumzia Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Mwinyigogo, mzaliwa wa Tandavumbi, ambaye alikuwa profesa wa heshima, daktari wa heshima na mtu wa heshima, yote matatu kwa kutunukiwa.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Zamani tulingoja mtu augue ndipo tumtibu. Huo ulikuwa ubaguzi dhidi ya watu wazima wa afya! Kuanzia leo tutamtibu mtu maradhi atakayougua, kabla hajapata nafasi ya kuyakataa! Msemakweli anasoma vinasaba vyako kwenye mate tu. Anajua utaugua nini. Anamjua babu yako ni nani, hata kama bibi yako hakuwa na hakika!"

Watu wakapiga makofi, isipokuwa mabibi.

Ukweli ni kwamba mtambo wenyewe, yaani tumbo lake, ulikuwa ng'ambo. Huku uliletwa mdomo. Wafadhili waliutoa bure, kwa sharti dogo kwamba mate yakishatemwa ni mali yao, pamoja na kila kitakachogunduliwa ndani yake, hata kama ni wewe. Palikuwa na Fomu ya Hiari, na kuijaza ilikuwa lazima. Asiyetaka aliruhusiwa kujaza Fomu ya Kutotaka, ambayo ilikuwa inachapwa. Palikuwa pia na Tume ya Maadili. Ilikaa siku tatu kujadili kama chai inywewe kabla ya maadili au baada, ikapiga kura, chai ikashinda.

Siku ya Mate ilipotangazwa, foleni ya Tandavumbi ilianzia ofisi ya kata ikaishia kwenye kata nyingine. Jua lilikuwa kali. Majirani wakaja kwa Mbaruku mmoja mmoja.

"Kaka Mbaruku," alisema Bi Nunu, muuza maandazi, "mafuta yangu yako jikoni. Niitikie."

"Safari hii si kuitikia tu, dada. Kuna kutema."

"Basi nitemee. Mate ni mate, kwani yameandikwa jina?"

Mbaruku akaona neno hilo lina maana. Akaitikia "Nipo!" akatema kwenye kichupa, akarudi nyuma ya mstari, akaitikia tena. Siku ya pili mdomo ulimkauka, akawa anatembea na nusu ya limao mfukoni, analilamba kila likikaribia jina. Siku ya tatu akaja dereva wa gari jeupe, akashusha kioo kidogo tu: mkubwa wake ana kikao, mzee amsaidie. Mbaruku akamsaidia. Dereva akamwachia limao zima, maana wakubwa hawana uchoyo.

Jioni ya siku ya nne, watu mia tatu na kumi na sita walikuwa wametema kwa kinywa kimoja. Mstari ulikuwa umekwisha. Karani akaita, "Saumu binti Mbaruku!"

Saumu alikuwa amelala siku hiyo, goti limemvimba. Mbaruku alisimama kidogo. Limao lilikuwa limebaki kipande. Akawaza jinsi mtoto atakavyoburuta mguu ule mpaka pale, kwa ajili ya nini? Kutema? Kumfaa mtu foleni ndiyo kazi pekee aliyoijua duniani, na aliwezaje kuwafaa watu baki akamwacha mwanawe?

"Nipo!" akasema. Akatema.

Baada ya miezi mitano vyeti vikarudi, na nchi ikalipuka kwa furaha.

"Wataalamu wa ng'ambo hawajawahi kuona!" alitangaza Mheshimiwa Mwinyigogo redioni. "Watu mia tatu na kumi na saba wa Tandavumbi, wake kwa waume, vikongwe kwa vichanga, wana vinasaba vilevile, bila tofauti hata ya nukta! Nchi nyingine zinahubiri umoja. Sisi tunao kwenye mate! Wenye wivu wanyamaze!"

Huko ng'ambo mtaalamu mmoja aliuliza, kwa adabu, kama haiwezekani ni mate ya mtu mmoja. Aliandikiwa barua kali kuhusu kudharau mataifa machanga, akaomba radhi.

Kila mmoja alipewa cheti kinachosema hivi: *Jinsia: mume. Umri wa chembe: miaka sitini na minne. Maradhi yajayo: tezi dume na upara. Selimundu: mbebaji, si mgonjwa.*

Bi Nunu alikuja na chake mpaka barazani kwa Mbaruku.

"Ewe pacha wangu!" alimwita kwa kumkejeli. "Nimeambiwa niwahi kliniki ya tezi dume Jumanne, nisile kitu asubuhi. Na mume wangu cheti chake ni hichihichi, kwa hiyo nimeolewa na ndugu yangu wa damu. Shehe wa kata kaniambia nirudi kwetu. Nikamuuliza, kwetu wapi? Kwetu na kwake si kumoja sasa?"

Saumu alicheka mpaka akaangusha sindano. "Na mimi mwanamume wa miaka sitini na minne, shangazi. Nikipata mchumba nitamwambia nini?"

"Mwambie ana bahati. Mahari atatoa nusu, mzee hana soko."

Mbaruku naye alicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kwa siku nyingi.

Jumatatu Saumu alikwenda zahanati kuchukua vidonge vyake vya mwezi. Wizara ilikuwa imeweka kabati jipya la dawa, la vioo, zuri sana. Lilifunguka kwa kusomewa namba ya cheti tu, na lilimpa mtu dawa za maradhi ya cheti chake basi. Muuguzi Asteria alisoma namba ya Saumu. Kabati likatoa pakiti ya dawa ya tezi dume na kijitabu cha ushauri kuhusu upara.

"Dada Asteria, mimi hiyo tezi nitaiweka wapi?"

"Nakujua, Saumu. Nakudunga sindano tangu una miaka minne." Muuguzi aliinamisha kichwa. "Vidonge vyako ni vile pale, rafu ya tatu. Navitazama tangu asubuhi. Lakini kabati halinijui mimi, linajua cheti."

"Vunja kioo."

"Wameliajiria kabati mlinzi. Sisi wauguzi tulikuwa watatu, nimebaki peke yangu."

Saumu alirudi nyumbani na pakiti ya tezi dume. Akamwaga chupa yake ya zamani mezani mbele ya baba yake. Vilikuwa vidonge vinane.

Mbaruku hakulala vizuri, na asubuhi akachukua kofia yake akaenda wizarani, kwenye Dirisha la Pili, la Marekebisho. Alisimama saa sita. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kusimama kwa ajili ya shida yake mwenyewe, akaona foleni ni ndefu kuliko alivyowahi kujua.

Karani alikuwa kijana mwenye tai, jina lake Kondo.

"Nimekuja kusema yale mate ni yangu," alisema Mbaruku.

"Yapi?"

"Ya Tandavumbi. Yote mia tatu na kumi na saba. Mwanangu ni mgonjwa wa kweli, baba, na cheti kinasema si mgonjwa. Naomba apimwe mwenyewe."

Kondo aliweka kalamu chini. "Mzee, unasema Msemakweli kasema uongo?"

"La, hasha. Kasema kweli tupu. Kasema kweli juu yangu mara mia tatu na kumi na saba."

"Sikiliza, babu yangu. Umoja wa Tandavumbi umeingia kwenye hotuba. Umeingia kwenye kalenda. Kuna sanamu inachongwa. Ukirudia maneno hayo utashtakiwa kwa kutema taifa." Akalainisha sauti. "Halafu hata ningetaka, siwezi. Kanuni ya kumi na tisa hii hapa: vipimo havirudiwi maadamu mwenye mate yu hai. Akifa tu ndipo mate yake yanabatilika, namba inafutwa, na faili linafunguliwa upya. Ni kwa heshima ya marehemu, wasiendelee kutabiriwa."

Mbaruku alikuna kidevu. "Na mtambo unasema mwenye mate haya ni watu wangapi?"

"Mtambo unasema mmoja. Wanasiasa ndio wanasema mia tatu na kumi na saba."

"Akifa huyo mmoja?"

Kondo aliivuta kanuni karibu, akaisoma tena. Akatazama nyuma yake kama kuna mtu anasikia. "Babu," alisema polepole, "Dirisha la Nne ndilo la vifo. Mimi sijakwambia kitu. Anayefuata!"

Mbaruku alimkuta Saumu amekaa mbele ya cherehani bila kushona, viganja amevikumbatia. Alikuwa ameanza kumeza kidonge siku moja na kuruka siku moja, ili vidumu. Vilikuwa saba.

"Baba, umewasimamia watu kila kitu," alisema alipokwisha kuelezwa. "Hata kufa nako unasimamia?"

"Hii nakwenda kwa shughuli yangu."

"Kuna kurudi lakini? Umeuliza?"

"Sikuuliza. Foleni ilikuwa ndefu." Alivua kofia, akaiweka gotini. "Mama Saumu na mimi tulikupa ugonjwa huu nusu kwa nusu, hatukujua. Hilo nimemwachia Mungu. Lakini ile siku ya mate nilikunyang'anya wote, na nilikuwa nimesimama pale, macho yangu mawili, na jina lako nililisikia. Hilo siwezi kumwachia mtu."

Saumu alivikusanya vile vidonge saba, akavirudisha chupani. Kisha akauliza, "Na ukishakufa, chai utakunywa?"

"Nitakunywa. Punguza sukari tu. Marehemu asionekane anastarehe."

Foleni ya vifo ilikuwa ya siku kumi na mbili. Karani wa Dirisha la Nne alikuwa mama mtu mzima mwenye jozi mbili za miwani. Ya kusomea ilikuwa machoni. Ya kutazamia watu ilikuwa kwenye droo.

"Marehemu nani?"

"Mbaruku bin Pazi, wa Tandavumbi."

"Wewe ni nani wake?"

"Nimemshikia foleni."

"Sababu ya kifo?"

Mbaruku hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Kusimama," alisema.

"Ku-si-ma-ma," aliandika mama. "Wengi siku hizi. Fomu inahitaji dole gumba la marehemu. Umekuja nalo?"

"Ninalo."

"Vizuri. Wengi hulisahau." Akasogeza kidau cha wino, Mbaruku akabonyeza. Mama akagonga muhuri kwa nguvu mpaka dirisha likatikisika. "Pole sana, baba."

"Ahsante. Tumeshapoa."

Ilikuwa Jumatatu, saa nane na robo mchana. Saa hiyohiyo Mheshimiwa Mwinyigogo alikuwa ukumbini na wafadhili, anaeleza jinsi watakavyouza dawa iliyotengenezwa kwa damu ya Tandavumbi, ambayo itawafaa watu wote duniani wanaofanana na Tandavumbi. Katikati ya neno "mustakabali" kipaza sauti kikakatika. Katibu wake akamwendea kwa kunyata.

"Mheshimiwa, umefariki."

"Nini? Lini?"

"Saa nane na robo, Mheshimiwa. Samahani, marehemu. Umefariki wewe na wenzako mia tatu na kumi na sita. Mtambo umefuta namba zote kwa mkupuo."

"Nani kaidhinisha?"

"Mate yako."

Hapo ndipo watu walipofahamu gari jeupe lilikuwa la nani. Mheshimiwa naye alifahamu kwamba ana njia mbili. Akisema mate yale hayakuwa yake, amekubali kuwa hakutema, na kutotema ni kosa la jinai alilolitunga mwenyewe. Asiposema, amekufa. Alipewa kuchagua kati ya kusema kweli na kufa, akafa mpaka Alhamisi.

Gari lilirudishwa, maana marehemu haendeshwi. Bendera ilishushwa nusu mlingoti, naye akapita chini yake akienda nyumbani kwa miguu. Redio ilimsifu sana. Alisikiliza, akaona kuna mambo mengi wameyasahau.

Siku hizo tatu serikali ilihangaika. Kata nzima ilikuwa imekufa na bado inakaanga maandazi. Ikatolewa Amri: wafu wote wa Tandavumbi waje kupimwa upya, kila mtu na kinywa chake, mbele ya shahidi anayetazama nyuso. Ilibidi watafutwe makarani wa kutazama nyuso kutoka wizara nyingine. Hawakupatikana, wakachukuliwa kinyozi na mpiga picha.

Mheshimiwa alisimama kwenye mstari kama watu wote, mtu wa mia mbili na kitu, shati limemganda mgongoni. Aliuliza kwa sauti ya chini kama hakuna mtu wa kumshikia. Nyuma yake alikuwa Bi Nunu na beseni la maandazi.

"Marehemu, sogea," alisema Bi Nunu. "Unawachelewesha wafu wenzako."

Saumu alipelekwa mbele, kwa kuwa hakuweza kusimama. Watu wenyewe walimpisha. Hakuambiwa ateme. Asteria alimtoa damu mkononi, akaweka tone kwenye kioo cha darubini, akachungulia palepale, akawaita wale mashahidi wawili nao wachungulie. Kinyozi alitazama, akasema, "Lo! Kweli ni mundu." Namba mpya ikaandikwa. Kabati likafunguka rafu ya tatu. Nyumbani, ndani ya chupa ya zamani, kilikuwa kimebaki kidonge kimoja.

Umoja wa Tandavumbi haukutajwa tena. Msemakweli alirudishwa ng'ambo kwa matengenezo, ikielezwa kwamba alikuwa na tatizo la mdomo. Ile sanamu, kwa kuwa ilikwisha chongwa, ilipewa jina la mtu mwingine. Na siku ya Alhamisi wafu wote walifufuliwa kwa tangazo, Mheshimiwa akatoa hotuba ya shukrani, akasema yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka.

Wote, isipokuwa mmoja. Ilionekana kwamba watu mia tatu na kumi na sita walikufa kwa kufuatana, na kifo cha kufuatana kinafutika. Mbaruku alikufa kwa maombi yake mwenyewe, muhuri na dole gumba. Huyo ili afufuliwe ni lazima afike dirishani mwenyewe, na dirisha halihudumii marehemu.

Miezi miwili ikapita. Marehemu alikunywa chai, sukari kidogo. Majirani walikuja kuomba awashikie foleni wakakumbuka, wakarudi na mawe yao.

Jumatatu moja Saumu alifunga cherehani, akavaa viatu vya kutembea, akaenda wizarani. Baba yake alimfuata kwa mbali, akakaa ng'ambo ya barabara kwenye ngazi ya duka la vyuma. Hakuwahi kuitazama foleni kwa upande huo. Alimwona mwanawe amesimama saa ya kwanza, akangoja ainame kushika goti. Hakuinama. Saa ya tatu alikuwa anabishana na mtu aliyetaka kupenya. Saa ya tano alikuwa bado amesimama, mkono kiunoni, anamchambua mwanamke wa mbele yake juu ya mishono ya gauni.

"Mbaruku bin Pazi!" aliita karani. Alikuwa Kondo.

"Nipo!" akaitikia Saumu.

Kondo alimtazama usoni. Siku hizi walikuwa wameanza. Akasukuma kichupa. "Tema."

"Mimi nimeshika foleni tu. Mate ni yake." Akageuka, akaita kwa sauti iliyovuka barabara: "Baba! Njoo, umefikiwa!"

Mbaruku akavuka, kofia mkononi.

"Huyu si amekufa?" aliuliza Kondo.

"Amekufa," alisema Saumu, "lakini hakuchelewa."

Kondo akapekua fomu, akatafuta mahali pa kuandika jambo kama hilo. Akageuza nyuma. Akageuza tena mbele. Kisha akatazama saa yake kwa faraja kubwa, akashusha pazia: chakula cha mchana.

"Kaa kivulini, mwanangu," alisema Mbaruku. "Nitaishika mimi."

"Wewe kaa, baba," alisema Saumu. "Mimi nina miguu."